Mpwa Wangu Alivyohamisha Mlango Bila Kuzima Kitu

Watu wakisema akili za mpwa wangu ni za shule, huwaacha waseme. Mimi shule niliishia la sita, lakini maji hufuata mkondo. Ni mtoto wa dada yangu, fundi wa programu hospitalini, na nyumbani tunamwita Kimya: ukimuuliza mambo matatu, atakujibu moja.

Siku ya kisa hiki nilikuwa palepale hospitalini na kazi yangu ya useremala, nikibadilisha bawaba za mlango wa chumba cha dawa. Foleni ilifika ngazini. Kila dawa ilitoka kwa idhini ya programu ya Kimya, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, vipande vipande kama kabati zangu: kipande cha dawa, kipande cha wagonjwa, kipande cha kupokea maombi. Hicho cha mwisho husikiliza kwenye mlango wenye namba, 8080, na kompyuta zote hubisha hapo. Sasa watu wa mtandao wametangaza: namba hiyo inafungwa saa sita kamili.

"Zima yote, badilisha, washa," mkuu wake akaamuru.

"Kuwaka ni nusu saa, bosi, na watu wanangoja dawa. Nitabadilisha ikiwa inaendelea."

"Ikizimika, binti, kesho usije."

Nikaweka bisibisi chini. "Kimya, mlango wa kinyozi niliuhamishaje, wateja wakiwa ndani?"

"Ulitoboa mpya kabla ya kuziba wa zamani, Mjomba. Na vumbi likamjaa mteja kwenye povu la kunyolea."

"Vumbi nani kakuuliza?"

Akacheka, vidole vikienda mbio. Vipande vingine hakuvigusa. Aliagiza kile cha kupokea kifungue mlango wa pili, 9090, akazielekeza huko kompyuta za dirisha la kutolea dawa, moja moja. Ndipo akaufunga wa zamani.

Skrini yake ikaganda.

"Umeiua!" Mkuu kashika kichwa.

Kimya akakuna shavu. "Nimejifungia nje mwenyewe tu. Ukurasa wangu wa kutolea amri ulikuwa bado unapitia mlango wa zamani." Akaandika namba mpya, ukurasa ukarudi. Dirishani mfamasia hakuwa hata ameinua kichwa. Akaita tu, "Anayefuata!"

Saa sita kasoro dakika nne.

"Kesho uje," mkuu akasema, sauti imepungua. Kisha akanitazama na bisibisi yangu. "Na huyu nani?"

"Mwalimu wangu," akajibu Kimya.

Mbele ya foleni nzima! Dada yangu nimemsimulia mara nne, sasa ananikimbia. Ndiyo maana nimeandika.