Mgombea Aliyeitwa Kiti

Taa za studio bado hazijawashwa, na Burulcha Satarova anavua pete yake ya ndoa. Anampa Sabira, mpambaji wa kituo, ambaye huifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwani kila inapofika siku kama hii.

"Ikipotea nitakuoa mimi," anasema Sabira.

"Unakoroma wewe. Nimeambiwa."

"Na nani? Na viziwi wako?"

Wanacheka wote wawili, na mpiga kamera anacheka nao.

Burulcha ana miaka arobaini na sita. Ni mkalimani wa lugha ya alama katika kituo kidogo cha televisheni mjini Naryn, kwenye milima ya Kirigizistani. Pete inavuliwa kwa sababu humeta chini ya taa na kuwasumbua wanaomtazama. Blauzi yake ni nyeusi tupu, ili mikono ionekane. Mpiga kamera, bila kuombwa, amemletea chupa ya maji ya moto aikumbatie, kwa kuwa baridi ya huku hukaza vidole, na kidole kilichokaza huweza kusema neno jingine.

Upande wa pili wa kioo cha kibanda chake cha kutafsiria kuna viti vitatu vya wagombea. Kimoja kimekaliwa na mama daktari, kingine na mfuga nyuki. Cha tatu kina kibao chenye jina la Sheishenkul Omurtaev, na hakuna anayejua kama mwenyewe atakuja.

Huu ni mdahalo wa mwisho kabla ya wilaya kumchagua mbunge wake. Nyumbani, mama yake Burulcha, bibi Zeinep, mwenye miaka sabini na miwili na kiziwi tangu utotoni, ameshasogeza kigoda hadi mbele kabisa ya televisheni. Katika maisha yake hajawahi kupiga kura aliyoiamua peke yake. Safari hii ameapa kuiamua. Lakini kwanza anataka amwone Omurtaev akiulizwa, na akijibu.

Baba na mama wa Burulcha wote walikuwa viziwi, mafundi wa viatu vya sufu katika karakana ya chama cha viziwi. Mtoto wao mwenye masikio ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Hospitalini alikuwa yeye, sokoni yeye, kwa mkuu wa mtaa yeye.

Wakati wa uchaguzi, redio ya jirani ilizungumza saa nzima, naye Burulcha akamwelezea mama yake kwa alama tatu: huyu mzuri, huyu mwongo, huyu mlevi.

"Kura yangu ilikuwa ya Burulcha," anasema Zeinep kwa mikono, na binti yake anatafsiri huku akiona haya. "Yeye alipiga mara mbili. Mimi nilikuwa wa kugonga muhuri tu."

Mpaka leo, kituo humlipa Burulcha som elfu moja na mia tano, fedha ya huko, kwa mdahalo mmoja. Siku nyingine hushona viatu karakanani pamoja na mama yake. Mikutano ya hadhara haina mkalimani, wala magari yenye vipaza sauti hayana. Kwa viziwi wa Naryn, mdahalo ndiyo siku pekee ambapo mgombea huongea nao.

Omurtaev alikuwa amekataa kuja kwenye mdahalo wa kwanza. Ni mfanyabiashara wa viazi, mtu wa watu, na ndiye aliyekuwa akiongoza. Daraja la mtaa wa juu lililochukuliwa na maji alilitengeneza yeye kabla hajawaza ubunge. Mabango yake yalisema: "Sisi tunafanya kazi, hatubishani."

Wengi mjini waliona ana haki. Mtu mzima hagombani mbele ya watoto wa watu. Hata Jyrgalbek, mwongozaji wa mdahalo wenyewe, anakubali kwamba hoja ile ina uzito.

"Nimeona mengi kwenye kiti hiki," anasema. "Mwenye mdomo mwepesi humshinda mwenye kichwa kizito. Mdahalo siyo mizani ya kila kitu. Ila hatuna mizani nyingine."

Zeinep naye hana ugomvi na Omurtaev. Mwezi Septemba mgombea huyo alipita nyumba kwa nyumba, akaingia uani kwake, akamkuta ameshika ndoo ya makaa. Akampokea ndoo na kuifikisha hadi mlangoni. Akaketi, akala maandazi, akaongea sana.

"Mtu mwema," anasema Zeinep. "Lakini masharubu yake! Ni mlango uliofungwa. Midomo sikuiona hata kidogo. Wapambe wake waliposhangaa nikashangaa, walipocheka nikacheka. Alipoondoka nikawa sijui kaja kuomba kura au kuuza viazi."

Viziwi wana desturi yao ya majina. Jina la kwenye cheti huandikwa kwa vidole, herufi moja moja, na huchosha. Kwa hiyo kila mtu hupewa alama yake, kwa jambo walilomwona akilifanya. Mama daktari huitwa Miwani Kichwani. Mfuga nyuki huitwa Kujikuna Shingo. Bango halitoshi kumpa mtu jina. Lazima wawe wamemwona akizungumza nao.

Katika mdahalo wa kwanza, wenzake wawili walimtaja Omurtaev kila walipofungua mdomo. Burulcha alianza kuandika jina hewani kwa vidole, na alipofika katikati ya "Sheishenkul" msemaji alikuwa tayari yuko kwenye sentensi nyingine. Mara ya tatu mikono ikashindwa. Akaonyesha kiti kitupu. Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho.

Asubuhi yake karakanani, jina lilikuwa limeshazaliwa: vidole viwili vinaketi juu ya vingine viwili, kisha kiganja kinafunguka bila kitu. Kiti. Siku chache baadaye hata wauza nyama wenye masikio yao walikuwa wakilifanya na kucheka.

Watu wa Omurtaev walipiga simu kituoni. Walisema mgombea amedhihakiwa na mkalimani anayelipwa kutafsiri tu, aondolewe.

"Eje, umenitia motoni," Jyrgalbek alimwambia, akimwita dada mkubwa kwa heshima ingawa amekasirika. "Nani alikutuma umwite mtu Kiti?"

"Sikumwita. Nilionyesha alipo."

"Hakuwepo!"

"Si ndiyo hapo."

Jyrgalbek hakumwondoa, lakini alimwonya. Burulcha anasema hakulala vizuri siku zile. Hakuogopa sana kukosa malipo. "Niliogopa mama. Nikiondolewa mimi hakuna mwingine mji mzima. Angekaa mbele ya televisheni atazame samaki wanaofungua midomo."

Alhamisi iliyofuata, Omurtaev alikwenda mwenyewe karakanani. Hakuwa na wapambe. Alisimama kati ya marundo ya sufu, kofia yake nyeupe ya kalpak mkononi, akawaamkia wote, kisha akaomba jina lake libadilishwe. Burulcha alitafsiri.

Zeinep ndiye aliyemjibu. "Jina hatuuzi, baba. Tunampa mtu tuliyemwona akisema nasi. Wewe hatujakuona."

"Mama, mimi nilikuja kwako."

"Ulikuja. Makaa uliyabeba, Mungu akulipe. Ila ulisema nini?"

Omurtaev alimtazama, akamtazama Burulcha, na wale waliokuwepo wanasema uso wake ulibadilika. Hakuwa amejua. Alikuwa ameongea uani pale kwa muda wote ule, na mwenye nyumba hakupata hata neno.

Aliketi juu ya gunia. Ndipo aliposema jambo ambalo wapambe wake walilificha mwaka mzima. Ana kigugumizi. Hotuba aliyoikariri huitoa kama wimbo, na uani kwa watu, penye chai, ulimi humlainikia. Lakini akiulizwa swali la ghafla huku saa ikimhesabia, neno hukwama. Shuleni walimcheka mpaka akaacha kunyoosha mkono.

"Wa... watanicheka nchi nzima," alisema.

Zeinep alimgeukia binti yake. "Kwani kigugumizi kinaonekana?"

"Kidogo, mama. Mdomoni."

"Kwenye masharubu yale? Nani atakiona?"

Karakana nzima ilicheka, mikono ikipiga meza. Omurtaev alicheka wa mwisho, baada ya kutafsiriwa, na alicheka hadi akafuta macho.

"Neno likichelewa, lichelewe," Zeinep akamalizia. "Sisi hapa tuna haraka gani?"

Omurtaev alinywa chai yao, akawashukuru, akaondoka. Hakuahidi kitu.

Sasa taa za studio zinawaka. Jyrgalbek anahesabu kwa vidole. Mlango wa nyuma unafunguliwa, na Omurtaev anaingia na theluji mabegani, anakaa kwenye kiti cha tatu, anaweka kalpak yake gotini. Nyuma ya kioo Sabira anamfinya Burulcha bega, kisha anamwachia, kwa sababu mikono ile ina kazi.

Maswali ya kwanza yanapita salama. Kisha inaulizwa habari ya makaa ya wazee: je, mbunge mpya atahakikisha kila mzee anapelekewa makaa nyumbani majira ya baridi?

Omurtaev anafungua mdomo. Neno "makaa" linakwama. Anapapasa kofia gotini, anaanza upya, linakwama tena.

Mkono wa Burulcha umeshapanda hewani kuanza alama, na unabaki pale pale. Anajua neno linalokuja. Kila mtu anajua. Mkono hausogei.

"Ningeweza kummalizia," anaeleza baadaye. "Mama nimemmalizia maneno ya watu maisha yake yote. Nikasema leo hapana. Neno likimchelewa yeye, na mama asubiri. Ndivyo anavyosema huyu mtu, basi amwone hivyo hivyo."

Jyrgalbek anatazama saa, anataka kusema muda umekwisha. Mama daktari, mpinzani, anamzuia kwa kiganja. "Mwache mwenzangu amalize. Toa kwenye dakika zangu." Na anamsogezea Omurtaev glasi yake ya maji.

Jibu linatoka. Si jibu la kupendeza. Omurtaev anasema hatamwahidi kila mzee makaa. Mzee mwenye watoto wenye nguvu, watoto wabebe. Fedha za wilaya ataziweka kwenye barabara ya malishoni, maana mwaka jana watu wawili waliganda njiani na gari la wagonjwa halikuweza kupita. Asiyependa asimpe kura.

Kesho yake wapo wanaocheka, na sehemu ile ya kigugumizi inazunguka kwenye simu. Wapo pia wanaosema hawakujua kama mtu mkubwa vile anaweza kuogopa, akaja hata hivyo. Karakanani wanaamka na jina jipya: kiganja kinachopapasa goti taratibu, kama mtu anayelainisha kofia. La zamani hakuna aliyelifuta. Limeacha tu kutumika.

Jumapili ya kura, Zeinep anavaa koti lake la sherehe. Miaka yote Burulcha alimsindikiza mpaka kwenye pazia. Leo mama anamwacha mlangoni kwa kidole kimoja: kaa hapo. Anakaa ndani ya pazia muda mrefu, hadi msimamizi anaanza kukohoa. Anatoka akiwa ameinua kidevu.

Nyumbani, chai imemiminwa, Burulcha anashindwa kuvumilia.

"Umempa nani?"

Zeinep anaitazama mikono yake, kisha anaiingiza kwapani yote miwili, anaibana, na kugeukia dirisha.

"Mama! Mimi mwanao!"

Mikono haitoki. Chai inapoa. Mabega ya bibi yanatikisika kwa kicheko.

Omurtaev anashinda, kwa kura chache kuliko alizotarajiwa kupata kabla ya mdahalo. Anapoulizwa kama viongozi wengine nao wakubali kuulizwa mbele ya watu, anapapasa kofia kwanza. "Raha haina," anasema. "Lakini wa... walionikataa, sasa wanamjua wanayemkataa. Mwanzo walikuwa wanakataa bango."

Burulcha hajui kama mama yake ni mmoja wao. Amejaribu kwa maandazi, amejaribu kwa hasira. "Siku moja anamsifu kwa barabara, siku inayofuata anamtukana kwa makaa," anasema. "Sijawahi kumwona hivi. Zamani alikuwa ananiuliza mimi nafikiri nini."

Mipango yake sasa ni ya majira ya kuchipua, wakati wa uchaguzi wa baraza la mji. Amekwenda kwa Jyrgalbek kuomba wakalimani wawe wawili, wapokezane, mdahalo mmoja huyu, mwingine yule. Jyrgalbek amekubali, endapo wa pili atapatikana. Wa pili ni Sabira. Amekuwa akijifunza tangu mwezi uliopita, Jumamosi kwa Jumamosi, karakanani. Juzi, kwa kidole kimoja kilichopinda vibaya, aliwatangazia viziwi wote kwamba wilaya imechagua kondoo.

"Ataweza," anasema Burulcha. "Mama anasema ana mikono mizito lakini uso wake husema kweli."

Na yeye, mdahalo wa Sabira ukifika, atakuwa wapi?

"Nyumbani, karibu na mama. Sijawahi kuutazama naye hata mmoja, maana siku zote nilikuwa ndani ya kioo." Anakunja kiatu cha sufu alichomaliza kushona, anakiweka juu ya wenzake. "Nataka tuutazame pamoja, halafu tubishane mpaka jirani aje kuamua. Sasa na yeye ana lake."