Zohali ya Kila Mwaka

Kopo la halua nililonalo hapa Al Khuwair, Maskati, bado linanuka iliki na zaafarani, ingawa halua yenyewe ililiwa zamani sana, nami sikumbuki nani aliimalizia. Ndani yake mna vioo viwili vya darubini vilivyofungwa kitambaa, na kipande cha kadibodi kilichoshonewa buibui kuukuu la mama yangu. Wajukuu wakinikuta nimelifungua huniuliza natafuta nini. Huwaambia natafuta sindano. Ninyi nitakwambieni kweli.

Darubini ilikuwa ya kaka yangu Nassor. Kule Unguja aliinunua kwa mwalimu wake Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na kila mwaka aliipiga picha Zohali, ile sayari yenye pete. Picha zenyewe zilikuwa duni, doa jeupe katikati ya weusi, lakini ukisogeza macho uliiona pete imetanda pande mbili kama masikio. Alizibandika kwenye ubao kwa mstari, na chini ya kila moja aliandika mwaka.

"Utaona, Asya," aliniambia. "Kila mwaka itazidi kuwa nyembamba, mpaka mwaka mmoja utazame usiione kabisa. Halafu itarudi. Tutaipiga mpaka irudi, tusikose hata mwaka mmoja."

Mwaka 1964 yakaja mapinduzi, na tukaondoka bila yeye. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia sekondari. Baba alituambia Nassor atafuata, nasi tukapanda meli na masanduku mawili, ubao wa picha, na darubini iliyoviringishwa ndani ya godoro. Tuliposhuka Maskati, mtu wa forodha aliikamata akasema ni bunduki. Baba akaisimamisha pale pale, akamwonyesha mbuzi aliyekuwa juu kabisa ya jabali, anatafuna. Yule bwana alitazama, akacheka, akawaita wenzake wote waje wamwone mbuzi. Tukapita.

Maskati ya siku zile haikuwa na skuli ya kuniendeleza. Nami nilikuwa mwoga wa watu, mtoto wa kujibanza nyuma ya mlango wakija wageni. Nilikuwa na daftari moja la skuli nililokuja nalo, nikawa naandika humo kila jioni mambo ambayo singeweza kuyasema kwa mdomo, na mengi yalikuwa ya kuuliza kaka atakuja lini.

Joto lilipoingia, watu wote walihamia darini kulala. Nani angelala ndani? Kuta za mawe zilitoa moto mpaka usiku. Nyumba zilibanana, na dari zilikuwa tambarare, moja inatazama nyingine. Baba hakuyafikiri hayo. Jioni moja baada ya sala ya Magharibi aliipandisha darubini juu, akaitengeneza miguu yake mitatu, akainama kutafuta Zohali upande wa mashariki. Upande wa mashariki ndiko kulikokuwa na dari ya Bi Zeyana, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti na maneno, aliyekuwa anatandika magodoro ya binti zake.

"Ya Umm Nassor!" alimwita mama yangu, kwa Kiswahili chake alichokipata kwa mumewe aliyewahi kukaa Pemba. "Huyo mzee wako anahesabu nyota, au anahesabu binti zangu?"

Dari zote zilicheka. Baba alishuka kinyumenyume, uso ameufunika kwa kiganja, na hakupanda tena. Alikuwa mtu wa heshima, na mwanamume hasimami na darubini juu ya dari za watu wanaolala. Usiku ule hakula. Asubuhi aliniita.

"Utapiga wewe," alisema.

"Mimi, Baba? Sijui."

"Nitakwambia. Nassor akija asikute pengo kwenye ubao wake."

Ndivyo ilivyoanza kazi yangu. Mimi nilikuwa juu, nimejifunika kanga ya mama, na Baba ameketi kwenye kipandio cha juu kabisa cha ngazi, ndani, kichwa chake hakivuki usawa wa dari. Sauti yake ilinifikia kutoka gizani kama ya mtu aliye kisimani. Alinifundisha kuifunga kamera kwenye darubini kwa kile chuma ambacho Nassor alichongesha kwa fundi wa baiskeli. Alinifundisha kuziba mdomo wa darubini kwa ile kadibodi nyeusi kwanza, kisha kuifungua kamera, kusubiri mtikisiko utulie, ndipo niondoe kadibodi bila kugusa kitu.

"Kwa muda gani, Baba?"

"Subhanallah moja. Ya kutamka vizuri, si ya haraka."

Basi niliondoa kadibodi, naye akatamka kutoka ngazini, pole pole, "Subhanallah," nami nikairudisha. Mpaka leo nikilisikia neno hilo msikitini, mkono wangu wa kulia hutaka kusogea.

Kila baada ya picha aliniuliza, "Ikoje?" Nami niliyekuwa sisemi na mtu ilinibidi niseme.

"Kama yai kwenye kisahani," nilimwambia mwaka ule wa kwanza.

Alicheka. "Sema kwa sauti, mwanangu. Yai la kuku au la bata?"

"La kuku, Baba. Kisahani kimelala upande."

Chini, mama alikuwa akisubiri na chai ya tangawizi, na akisikia tunashuka aliuliza lile lile, "Mshampigia Nassor picha yake?" Baba alimjibu, "Tushampigia." Mama akasema, "Alhamdulillah," akamimina chai. Sikuwahi kuona neno la ziada likipita kati yao juu ya jambo lile.

Filamu ilipelekwa Bombay kusafishwa, kwa mkono wa Banyani mmoja mwenye duka la vitambaa, na ilirudi na meli muda ambao sisi tulikuwa tumeshakata tamaa. Baba alinipa bahasha bila kuifungua. "Bandika," alisema. Nilichagua iliyo bora, nikaibandika baada ya ya mwisho ya Nassor, nikaandika mwaka kwa kuigiza mwandiko wake. Mwaka wa pili pete ilikuwa imesinyaa, na nilimwambia Baba ni kama tende iliyochomwa kijiti. Alilipenda neno hilo. Alilirudia kwa mama, na mama akalirudia kwa Bi Zeyana, ambaye tangu hapo aliniita "Bint Tende" kila nikipita, "Bint Tende, kaka yako keshafika?" Aliuliza kwa wema, namtolea ushahidi. Nami nilimjibu, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, "Bado, lakini atakuja."

Na watu wote wa mtaa waliwaita wazee wangu kwa jina la kaka, kama ilivyo ada. Bu Nassor, umeamkaje. Umm Nassor, samaki leo wanatoka Sidab, wazuri. Siku nzima, kutoka alfajiri mpaka mzinga wa ngome unapolia na milango ya mji kufungwa, jina lile lilitajwa mlangoni kwetu. Nami nilifurahi kulisikia. Niliona kila anayelitaja anamwita aje.

Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa pete kupotea. Nilikuwa najua, Nassor alikwisha niambia, lakini kujua ni kitu kimoja, kuona ni kingine. Tuliichelewesha picha mpaka baridi, karibu na Ramadhani, kwa sababu Baba aliumwa kifua. Nilipanda baada ya Magharibi, Baba akakaa kwenye kipandio chake, nikaiweka Zohali katikati ya kioo. Lilikuwepo duara dogo la manjano, basi. Nikafuta kioo. Nikatia kingine. Nilihisi nimevunja kitu cha mtu.

"Ikoje?" sauti ya Baba iliuliza.

"Kama tende tu."

Nikainama tena kwenye kioo.

"Kijiti hakipo, Baba. Pete haipo."

"Tazama tena."

"Haipo!" Nilikuwa nalia sasa, msichana mzima wa miaka kumi na tano. "Njoo utazame mwenyewe. Juu hakuna mtu, baridi hii, Bi Zeyana na binti zake wanalala ndani. Dari zote tupu. Njoo, Baba."

Nilisikia anavuta pumzi. Kiganja chake kilitokea juu ya ukingo wa ngazi, kikashika jiwe, nikadhani anakuja. Kisha kikarudi chini.

"Magoti yananiuma," alisema.

Asubuhi ile ile alikuwa amepandisha gunia la mchele ngazi zile zile begani, na kifua chake kibovu.

"Pete ipo," aliniambia baadaye kidogo, na sauti yake haikuwa nzuri. "Imetugeuzia ubavu tu, ndiyo maana huioni. Piga hivyo hivyo. Subhanallah."

Nikapiga. Tukashuka. Mama akauliza, "Mshampigia Nassor picha yake?" Baba safari hii hakujibu, nikajibu mimi. Nikaona mama anamtazama, halafu anachukua kikombe cha Baba na kukiongezea sukari ambayo hakuiomba.

Miaka iliyofuata pete ilirudi, kidogo kidogo, imeinamia upande mwingine. Ubao ulijaa. Hakukuwa na pengo.

Mwaka 1970 mambo ya nchi yalibadilika, milango ya mji ikaachwa wazi usiku, na watu wetu waliotawanyika wakaanza kuja. Alasiri moja ya mwisho wa mwaka alikuja kijana mmoja, Hilal, aliyesoma na kaka Unguja. Alikaa na Baba chumba cha wageni, mimi na mama nyuma ya pazia tunatayarisha kahawa. Alipokwisha kuuliza hali, alisema, "Bu Nassor, nimekuja kukupa mkono wa tanzia. Tangu siku ile nilipokuletea khabari gatini, mkiwa mnapanda meli, sikujaaliwa. Uliniomba nisimwambie mama yake mpaka mfike, nikaona niondoke. Hitima yake mlimsomea hapa?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye dele la kahawa. Nilimwona Baba kwa upenyo wa pazia, amefungua mdomo kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Aliyejibu ni mama, kwa sauti ya kawaida, kutoka pale pale alipokuwa amekaa. "Mimi nnamsomea kila Ijumaa, mwanangu, tangu tulipofika."

"Ulijua?" Baba aliuliza. Hakuwahi kumsemesha mama mbele ya mgeni namna ile.

"Nlijua tangu melini. Masiku yale yote hukulia, Bu Nassor. Hukugeuka hata mara moja kutazama nyuma. Mtu aliyemwacha mwanawe hai hutazama nyuma." Akanisukumia sinia. "Peleka kahawa, itapoa."

Nilipeleka. Sijui nilitembeaje. Miaka yote ile mama aliuliza kila mara ili Baba asijue kwamba yeye anajua, na Baba alijibu ili mama asijue. Na katika nyumba nzima, pamoja na ubao ule na ngazi, mtu aliyekuwa akimngoja Nassor nilikuwa mimi peke yangu. Walikuwa wananitunzia kaka yangu. Nilikwisha kuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na bado sikuwahi kumwombea kaka dua ya maiti hata siku moja, kwa sababu nilikuwa naye hai, kila mwaka, kwa Subhanallah moja.

Jioni, mgeni alipokwenda zake, Baba aliswali Magharibi, akakaa sana juu ya mswala. Kisha nikasikia nyayo zake ngazini, na hazikusimama kwenye kile kipandio cha juu. Nilimfuata. Dari za jirani zilikuwa tupu. Nikafunga kamera, nikaitafuta Zohali, nikampisha. Pete ilikuwa wazi, pana, kama ile ya picha za kwanza kabisa.

Aliinama. Alipoiona aliishika darubini kwa mikono yote miwili, kama unavyomshika mtu mabegani.

"Baba, usiiguse, itatikisika."

Hakunisikia, au alinisikia. "Piga," alisema.

Nikafungua kamera, nikaondoa kadibodi. Safari hii nilitamka mimi, kwa sababu yeye hakuweza.

Picha iliporudi kutoka Bombay haikuwa na duara wala pete. Ni mstari mweupe uliopinda huku na huku, umetetemeka kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Baba alisema niitupe. Niliibandika mwisho wa ubao, nikaandika mwaka chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe.