Filamu Ndani ya Siagi

Lori lilikuwa linanguruma uani, kondoo wamekwisha kupakiwa, na Zuura bado amesimama na kikopo mkononi bila kukifungua.

"Kifungue basi," alisema mama mkwe wake. "Au unangoja kiangue vifaranga?"

"Bado kina baridi, mama. Nikikifungua sasa filamu itaingia umande, na ikiingia umande imekwisha."

Kwa kadiri alivyojua Zuura, ilikuwa filamu ya mwisho upande ule wa Naryn. Studio ya serikali, alikowapiga picha wachungaji miaka yote ya ujana wake, ilifungwa Muungano wa Kisovieti ulipovunjika. Filamu yenyewe ilikuwa imekwisha kupita muda wake wa kutumika. Aliificha penye baridi kuliko pote nyumbani, ndani ya tumbo la kondoo lililoshindiliwa siagi, kama kwao wanavyohifadhi siagi, kwenye shimo kando ya kijito. Majira ya joto hakulala vizuri. Kila mara alishuka kulipapasa tumbo lile.

Filamu hiyo alikuwa akimwekea mama mkwe. Picha pekee ya bibi huyo, ya kitambulisho, ililiwa na panya. Kwenye jiwe la kaburi la mumewe ilichongwa sura ya mzee, na ubavuni mwake iliachwa nafasi tupu, laini, inayongoja. "Nisije nikalala pale sina uso," alisema bibi juzi. Leo anapanda malishoni mlimani hadi vuli, na kwa kifua kile cha kukohoa, hakuna aliyethubutu kusema kama atashuka.

"Shangazi, jua linatuacha," Mukash alipaza sauti kutoka kwenye usukani. "Au twende tu, sisi na kondoo?"

Bibi akakipokonya kikopo, akakitia kifuani ndani ya koti. "Wanakondoo walioganda nimewafufua humu, seuze kikopo."

Kilipopata joto, Zuura aliipachika filamu kwenye kamera, akamkalisha bibi mbele ya ukuta. Filamu iliyozeeka huona kwa shida. Hutaka mwanga wa kutosha, na mwenye uso atulie kama jiwe. Lakini bibi aligeuka kumkemea Mukash, akahesabu magunia, akakohoa, akafunga upya kitambaa. Zuura akapiga, akapiga tena, akijua kila picha ni ukungu mtupu. Zikabaki chache. Ikabaki moja.

Tangu aolewe, kama wake wote wa kwao, hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe. Hata muuza chumvi aliyeitwa jina hilohilo, Zuura alimwita "yule wa jina la nyumbani."

"Batma," alisema.

Bibi akaganda, macho wazi, hata kikohozi kikapotea njia. Zuura akabonyeza.

"Umesemaje, mkaza mwana?"

Zuura akaishusha kamera. Bibi akasimama, akapanda lori, akaufunga mlango mwenyewe. Vumbi likawameza.

Zuura alijifungia stoo akaisafisha filamu. Picha zote zilikuwa uji wa kijivu, ila ya mwisho: uso mzima, kila kunyanzi mahali pake. Wa kuchonga jiwe angetosheka nao. Akaugeuza mkanda dirishani, huku na huku, akitafuta kama ni hasira au mshangao. Lakini kwenye mkanda, kabla picha haijachapwa, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Macho yale yalikuwa matundu ya mwanga, hayasemi kitu.

Akauanika mkanda, akavaa viatu, akatoka barabarani kuulizia lori jingine linalopanda malishoni, akauone uso wenyewe.