Baba Wekesa Anakula Mara Ngapi

Dada Perpetua, leo nimeaibika kliniki mpaka sijui nicheke au nilie.

Mama hajambo? Shemeji je? Watoto wote, na yule mchanga? Huku mtaani Jericho sisi wazima, isipokuwa shemeji yako Baba Wekesa na ini lake.

Mwezi uliopita daktari alimwambia ini limejaa mafuta, linataka kupumzika. Ale mara mbili kwa siku, katikati asitie kitu mdomoni.

Leo tumerudi. Ini limezidi kujaa mafuta.

"Mzee, unakula mara ngapi?"

"Mara mbili, daktari. Ugali mchana, ugali jioni."

"Na asubuhi?"

"Chai tu."

"Chai kavu?"

"Na viazi vitamu. Saa nne mahindi ya kuchoma. Saa kumi githeri ya jirani, yale mahindi na maharagwe. Lakini chakula ni mara mbili."

Daktari akanigeukia mimi, dada. Nami na uoga wangu wote nikamtetea! "Ni kweli, daktari. Hayo mengine ni ya kungojea ugali."

Nesi, mtu wa kwetu Bungoma, akaitikia, "Kweli kabisa!"

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, kila kinachotafunwa ni chakula. Mkiendelea hivi utabaki mjane."

Tumerudi nyumbani moja kwa moja. Viazi nimevifungia kabatini.

Sasa Baba Wekesa amekaa mezani na kikombe cha uji.

"Uji hautafunwi," ananiambia.

Dada, wewe umenizidi masomo. Uji ni chakula? Nijibu upesi, maana ameapa haunywi wala hauachi mpaka barua yako ifike.