Mstari Uliotambaa Siku ya Kuvunja Kamati

Coleta anakaa hapa Milanzi, chumba kinachofuata changu. Ana mikono midogo, na hagusi kompyuta kabla hajanawa. Alikuwa akitengeneza video za harusi kwenye studio ya Zenon, na ingawa mlangoni limeandikwa jina la Zenon, watu walikuwa wakisema, "Tunapeleka kwa Coleta."

Sababu naijua, maana mchana nilikuwa nashinda naye, mwanangu Nestory amelala mgongoni. Coleta hakumkata kwenye video mtu aliyechangia. Bibi aliyeleta debe la ulezi lazima umwone, hata kama ni kilemba chake tu kinapita. Siku ya kuvunja kamati, wachangiaji wanapokutana kula na kutazama video, kila mtu hujitafuta. Asiyejiona huona mchango wake umetupwa.

Mwaka 2006 Zenon akarudi kutoka Mbeya na laptop mpya. Ile kompyuta ya zamani, kubwa kama kabati, ilikuwa bado nzima. Hii mpya ilikuwa ya kampuni ileile, ila waliotengeneza walikuwa wamebadilisha prosesa, ndiyo ubongo wake. Zenon akaiweka mezani, akasimama mlangoni anaita wapita njia.

"Mshikaji, njoo uone mashine!"

Akafungua picha za kipaimara, zikatoka pap! Akapiga nyimbo, akanakili sidii. Sitasema uongo, ilikuwa na mbio. Ile ya zamani ingekuwa bado inakohoa.

Coleta akasema, "Kaka Zenon, tuijaribu na video kwanza. Video ndiyo kazi yetu."

"Wewe kompyuta umesomea wapi?"

"Sijasomea. Nasema tuijaribu tu, kabla hujaiuza ile."

Zenon akacheka. Juma lile lile akaiuza ya zamani kwa mtu wa Kasanga, kule bandarini ziwani, naye akaipakia botini kwenda Kongo.

Kisha ikaja harusi ya Debora, binti wa Mzee Marselino. Coleta akaipanga vizuri, mpaka akina mama wa jikoni wenye masizi wakaingia. Ikabaki kubonyeza tu, mashine iiunganishe yote iwe kitu kimoja. Akabonyeza. Ukatokea mstari wa bluu, ukaanza kutambaa. Tukala mchana, mstari uko pale pale. Umeme ukakatika, betri ikaisha, ikabidi aanze upya. Kesho yake hivyo hivyo.

Zenon akampigia simu yule aliyemuuzia. Alikuwa ameweka sauti kubwa, tukasikia wote. Programu ya video ilitengenezwa kwa ubongo wa zamani, jamaa akasema, kwa hiyo ubongo mpya unaielewa kwa mkalimani. Programu mpya inakuja, subirini.

Mimi nikaelewa upesi. Niliwahi kumpeleka bibi yangu hospitali, yeye Kifipa tu, daktari hajui Kifipa, nesi akawa katikati. Bibi mwepesi wa maneno, daktari naye mwepesi, lakini kuuliza "unaumwa wapi" kulichukua asubuhi nzima.

Basi kosa lilikuwa wazi. Lakini Jumamosi, siku ya kuvunja kamati, Zenon akampigia simu Mzee Marselino, Coleta amekaa pale pale, akasema, "Mzee, samahani sana. Huyu binti amezembea."

Nilitaka kumnyang'anya ile simu. Coleta alinawa mikono, akaikunja ile kompyuta, akaifunga kwa kanga kama mtoto, akatoka. Nikamfuata.

Nyumbani kwa Mzee Marselino watu walikuwa wamejaa uani, jenereta inanguruma, televisheni iko juu ya meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naambiwa umezembea."

"Nimeleta kazi, mzee. Haijaisha. Naomba tuingojee wote."

Akaiunganisha na televisheni, akabonyeza. Mstari ukatokea, mkubwa, kila mtu anauona. Wakala wali, mstari ukasogea kidogo. Wakala ndizi.

"Huyo kinyonga anakwenda wapi?" mama mmoja akauliza.

"Anakwenda Kasanga kwa miguu!" mwingine akajibu.

Zenon akaingia na suti yake, akanyoosha mkono aizime. Mzee Marselino akamwonyesha kiti.

"Kaa, kijana. Kwetu aliyepika pombe huonja kwanza. Wewe hii uliionja?"

Zenon akakaa.

Mama Debora akauliza, "Na ile mashine iliyotengeneza harusi ya dada yake Debora iko wapi?"

"Iko Kongo, mama," Coleta akasema.

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Zenon hakucheka. Akainama kwa Coleta akasema polepole, ila mimi nilikuwa karibu, "Jumatatu usije."

Coleta akabaki pale mpaka mstari ukafika mwisho na video ikachezwa, jua limeshuka, wengi wameondoka. Waliobaki wakajiona. Bibi mmoja aligusa kioo cha televisheni pale alipojiona akipita. Kisha Coleta akairudisha kompyuta studio, akaiweka mezani, na ufunguo juu yake.

Baada ya miezi kadhaa programu mpya ikaja. Wanasema sasa ile mashine inamaliza harusi kabla maharage hayajaiva. Sawa, iwe hivyo, mashine haikuwa na kosa. Ila anayeiendesha sasa anawakata watu wa jikoni, na wateja wananung'unika. Zenon akamtuma mtu: Coleta arudi, yaishe.

Coleta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mwambie alinisema kwa Mzee Marselino. Aende pale pale, mbele ya watu wa kamati ile, aseme ni nani aliyezembea. Nitakuja siku hiyo hiyo."

"Dada Coleta, si neno moja tu?" yule aliyetumwa akauliza.

"Ndiyo. Na mimi nataka hilo moja."

Zenon hajaenda. Kutoka studio mpaka kwa Mzee Marselino hata mwanangu Nestory sasa anafika kwa miguu.