Kikombe Nilichomimina Kwenye Kipima Mvua

Iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo siisahau hata nikijitahidi. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, hapa hapa Maretadu, manyunyu ya kwanza yamepita jana yake jioni, nami nimesimama kwenye uwanja wa jirani yangu Martina na kikombe cha maji mkononi. Kikombe cha bati, cha kunywea uji. Mjukuu wangu, sogea karibu nikueleze nilikifanyia nini, maana jana nimekusikia ulivyomsema mwenzako aliyechaguliwa na mradi kupewa zile mbegu mpya za majaribio. Ulisema anajidai. Ulisema hakukuzidi akili. Aibu ilinishika mimi, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyasema kabla hujazaliwa.

Martina nilisoma naye tangu darasa la kwanza. Alikuwa msichana mpole, mrefu, wa kucheka huku amefunika mdomo. Hesabu hajui kabisa! Mimi ndiye niliyekuwa namwonyesha, mwalimu akigeuka. Tukaolewa mwaka mmoja, na mashamba ya waume zetu yakapakana. Mahindi na maharage ya kutegemea mvua, kama unavyoona mpaka leo. Mfereji hakuna, bomba hakuna, mvua ikigoma wote mnashinda njaa.

Basi wakaja watu wa mradi pamoja na bwana shamba wetu. Wakasema tunapoteza mbegu kwa sababu tunakimbilia kupanda kila tunaposikia harufu ya mvua. Wataweka kipima mvua kijijini, na mtu mmoja atakisoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Chenyewe ni kitu kidogo tu cha plastiki, unaona mpaka ndani, kina mistari ubavuni, kinakaa juu ya nguzo mahali peupe. Bwana shamba akachora mstari mwekundu. Maji yasipofika hapo, ardhi haijaloa vya kutosha, msipande. Yakifika, mtunzaji akagonge lile rimu la gari linaloning'inia kanisani, kijiji kizima kisikie.

Nilijua ni mimi. Nani mwingine? Siku ya mkutano nilivaa hata kitenge changu cha sikukuu. Wakamtaja Martina.

Eti kwa sababu uwanja wake hauna miti. Miti! Nilirudi nyumbani nikaitazama miti ya mume wangu kana kwamba imenitukana. Halafu wakampa buti za mpira na koti la mvua la njano. Jamani, koti lile! Asubuhi nikifungulia kuku naliona ng'ambo ya mpaka, limeinama kwenye nguzo, linasoma. Anasoma nini yule? Nilikuwa nauliza kwa sauti, kuku wananisikia. Usicheke. Nilikuwa na wivu mpaka chakula hakipiti kooni.

Mwaka wa kwanza mambo yakaenda vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Mvua ilidanganya, wachache wakakimbilia kupanda, mbegu zao zikafa. Waliosubiri rimu la Martina wakavuna. Siku ya kushukuru mavuno walimsimamisha mbele ya kanisa wakampigia makofi, na mama mkwe wangu akapiga vigelegele. Mama mkwe wangu mimi! Nilipiga makofi pia, lakini ni mikono tu iliyopiga.

Mwaka wa pili ndipo ikaja asubuhi ile ya kikombe. Nilikuwa nimesikia kwamba bwana shamba anakuja siku hiyo kulinganisha kipimo cha Martina na kingine kilichokuwa shule ya msingi. Nikapiga hesabu zangu, mimi bingwa wa hesabu. Mvua ya jana ilikuwa manyunyu tu. Nikiongeza maji, vipimo havitalingana, Martina ataonekana hajui kusoma, na chombo kitahamishiwa kwa mtu mwenye akili zake. Sikuwaza zaidi ya hapo. Yeye alikuwa bado anakamua nyuma ya nyumba, nasikia maziwa yakigonga ndoo. Nikavuka mpaka, nikamimina, nikarudi mbio kama mwizi wa kuku.

Bwana shamba hakuja. Pikipiki yake ilimharibikia huko Dongobesh, tuliambiwa baadaye. Kilichokuja ni mlio wa rimu.

Nilikuwa nakoroga uji, mwiko ukaniponyoka. Kumbe maji yangu yalikuwa yamevuka mstari mwekundu! Hapo hapo majirani wakaanza kuitana, mazizi yakafunguliwa, ng'ombe wakafungwa nira. Mama mkwe alichimba kidogo kwa jembe nyuma ya nyumba, akashika udongo. "Mbona chini ni pakavu?" akasema. Kisha akajijibu mwenyewe, "Haya, chombo kinajua. Mwaka jana kilituokoa." Akaingia ndani akashusha mahindi ya mbegu yaliyokuwa yananing'inia juu ya moshi wa jiko. Akashusha yote, hakubakiza hata gunzi moja.

Hapo ningesema. Maneno mawili yalitosha: mama, subiri. Lakini angeniuliza nimejuaje. Basi nikabeba kikapu nikamfuata mume wangu shambani, yeye anaongoza plau, mimi nyuma yake nadondosha mbegu. Mwanangu, nilipanda mbegu ya nyumba yangu mwenyewe, punje kwa punje, nikijua naizika. Ng'ambo ya mpaka Martina naye alikuwa anapanda. Akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Jua likawaka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mahindi yaliyojaribu kuota yalinyauka, mengine ukifukua unakuta punje imevimba na kuota ukungu. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Watu wakaanza kumsema Martina. Wengine walidai amelewa sifa, mwanamke mmoja akamzomea kisimani mbele ya watoto wake, na mume wa Martina mwenyewe akataka kuing'oa ile nguzo akaitupe korongoni. Nilichokitaka nilikipata, sivyo? Na chakula bado hakikupita.

Kisha siku moja mchana akaja kwetu. Hakuvaa koti. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage.

"Shikamoo mama," Martina akasema.

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akanigeukia, akatoa daftari ndani ya kanga. "Filomena, wewe hesabu ulinizidi tangu zamani. Niangalizie humu. Nimerudia na kurudia, sioni. Watu wanakwenda kulala njaa kwa ajili yangu na mimi hata sijui nilikosea wapi."

Nikalishika lile daftari. Mwandiko ulikuwa wa taratibu, wa mtu anayeogopa kukosea. Kila siku imeandikwa. Hata siku ambazo mvua haikunyesha ameandika "hakuna", "hakuna", "hakuna", ukurasa mzima. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

"Hukukosea," nikamwambia. "Ni mimi. Nilimimina maji kwenye kipima mvua ulipokuwa unakamua."

Hakunipiga. Bora angenipiga. Alinitazama, akachukua daftari lake, akalirudisha ndani ya kanga, akaondoka bila kumuaga mama mkwe, jambo ambalo Martina hakuwahi kulifanya kwa mkubwa yeyote.

Mama mkwe akaendelea kuchambua maharage. Mwishowe akasema, "Kumbe ulikuwa unamwonea Martina wivu."

"Ndiyo, mama."

"Basi ungemwonea. Ungemnunia, ungekuja kumsema kwangu, ningekusikiliza, hata mimi nimewahi kuwa msichana. Lakini kile chombo si cha Martina. Sisi tunaolima kwa mvua tunategemea mtu atuambie ukweli wa mvua, ndipo tuthubutu kushusha mbegu. Wewe umetia uongo mle, na mimi nikashusha mbegu zangu." Akayasukuma maharage pembeni. "Simama. Utakwenda nyumba kwa nyumba ukaseme. Na usimpeleke mwanangu akakusemee. Utasema kwa mdomo wako."

Nikaenda. Kwanza nilikwenda kwetu Tlawi, kwa baba na shangazi zangu, nikawaeleza na kuwaomba mbegu. Walinipa maharage, kwa sababu wakati wa mahindi ulikuwa umeshapita. Nikarudi na punda wawili, nikaanza kuzunguka. Nafika kwenye boma, natoa shikamoo, naitikiwa marahaba, nakaribishwa vizuri tu, kisha nasema nilichofanya. Wengine walipokea mbegu wakafunga mlango. Mzee mmoja aliniuliza mara mbili, alidhani masikio yake yamemdanganya, halafu akaniambia nirudi nyumbani kwake kesho yake nikamlimie, na nikamlimia. Mvua za baadaye zilipokuja tukapanda yale maharage, na ndiyo yaliyotuvusha mwaka ule, tena kwa shida, watoto wakila mara moja kwa siku. Nilikuwa nawaona wakipita kwenda shule, nainamisha macho.

Mwanangu, siwezi kukukataza kuona wivu. Hata juzi nimemwonea wivu mke wa katekista kwa tangi lake jipya la kuvunia maji ya mvua yanayotiririka kwenye bati la nyumba, na umri huu nilio nao. Utakuja wenyewe, haubishi hodi. Ila nakuambia hivi. Wanaokuja kutusaidia sisi wa mvua hawawezi kuanza na watu wote siku moja. Iwe ni mbegu za muda mfupi, iwe ni matuta ya kuzuia maji, iwe ni huo utabiri unaoletwa kwenye simu, wataanza na mmoja. Yule mmoja anajaribu kwa niaba yetu, na akishindwa sote tumeshindwa. Kwa hiyo kesho chukua jembe, nenda kamsaidie mwenzako kupanda hizo mbegu zake. Roho ikikuuma, ikuume ukiwa unalima. Ukitaka kumsema, njoo umseme kwangu, tutamsema wote mpaka tuchoke. Lakini usiguse kitu ambacho wenzako wanakitegemea kupandia. Na kama umeshakigusa, basi sema, sema upesi, kabla watu hawajashusha mbegu zao. Mimi makosa yangu hayakuwa kikombe peke yake. Makosa makubwa niliyafanya nyuma ya plau, nilipofunga mdomo.

Martina aliendelea kusoma kipima mvua miaka mingi, na watu walimrudia. Mimi alinisamehe. Alinitamkia mwenyewe, na nilipojifungua baba yako yeye ndiye wa kwanza kuniletea maziwa. Lakini hajaniuliza tena hesabu. Mpaka leo. Daftari la kikundi chetu cha akiba likimshinda, anavuka kijiji kizima kwenda kwa mwalimu, na njia ya kwenda kwa mwalimu inapita mlangoni kwangu. Anasimama, ananisalimu vizuri kabisa, anauliza hali ya wajukuu, kisha anaendelea na safari na daftari lake kwapani.

Haya, inuka, nenda. Mungu akunyeshee kwa wakati wake, mkono wako usitie uongo kwenye riziki ya mtu, na uzeeke ukiwa na jirani anayekuamini.