Mwongozo Uliochukua Majina

Nilimwapia muuguzi wa zahanati moja ya Ruiru kwamba majina ya wagonjwa wake hayatatoka kwenye kile chumba. Mimi hufundisha kompyuta Makongeni, na ndimi niliyemwekea programu ya rekodi pamoja na mwongozo wake wa kusomwa bila mtandao. Kiapo hicho hakikuwa mchezo. Wengi wa waliochukua dawa za virusi vya UKIMWI kwake walitoka Thika, wakizikwepa zahanati za mtaani kwao wasije wakakaa benchi moja na mtu wa kanisani.

Juzi nilirudi kuiangalia ile kompyuta. Muuguzi alikuwa ameiunganisha na bando za simu yake, kama kila alasiri anapoagiza dawa. Akafungua mwongozo, akaandika jina la mgonjwa kwenye kisanduku cha kutafutia.

"Hapo si pa wagonjwa," nikamwambia.

"Najua huwa haileti kitu, mwalimu, lakini ndiyo hufunguka haraka. Nikikosa hapa naenda ile ingine ya rekodi."

Chini ya ukurasa nikaona anwani ya tovuti nisiyoijua. Nikachungulia jinsi mwongozo ulivyoundwa. Kila neno lililoandikwa kisandukuni liliwekwa akiba, na mtandao ukipatikana tu, likatumwa kwa kampuni inayofuatilia wasomaji. Mwongozo! Kitabu cha kueleza ubonyeze wapi! Nilikuwa kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama aliyokwisha kuitafuna. Na hawana haya: pembeni wameandika kwamba wanafanya hivyo ili watuhudumie vizuri zaidi. Nilijichukia pia, maana niliapa bila kuukagua.

Nikaifuta mistari ya programu iliyokuwa ikiyatuma maneno hayo.

"Na yale yaliyokwisha kwenda?" akauliza.

"Hayarudi."

"Ngai, Mungu wangu! Basi nitawaambia wagonjwa, mmoja mmoja."

Nikaanza kubabaika kwamba huenda hakuna hata anayeyasoma. Akanikatiza. "Na ingekuwa ni jina lako?"

Wa kwanza kuingia alikuwa mama wa makamo kutoka Kamenu, kule Thika. Muuguzi alimweleza yote bila kuficha, nami nikiwa pale pale, macho sakafuni. Mama akauliza jina lake liliandikwa mara ngapi.

"Kila mwezi ukikuja."

Akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Dawa zake zikabaki mezani.